Godoro la Foili

Kwa wifi yangu huingii na viatu. Unavivua nje, unapewa ndala za wageni, na kabla hujazivaa miguu yako inatupiwa jicho la pembeni, kama kuku wa sokoni anayekaguliwa asije akawa mgonjwa. Ukikaa kwenye kochi, mto unanyooshwa huku bado umeuegemea. Ukinywa chai, kikombe kinaondoka mkononi kabla funda la mwisho halijafika tumboni. Sisi mawifi tulimbandika jina zamani, Bi Kung'aa, na alipolisikia hakununa hata kidogo. Alilipokea kama zawadi ya harusi.

Kwangu mimi mlango haufungwi. Watoto wa jirani wanakula bila kukaribishwa, vikombe vingine vimekatika mikono, na anayechelewa kurudi anakuta mtu kalala kwenye kitanda chake. Bi Kung'aa alikuja mara moja tu, akanywa maji akiwa amesimama, glasi kaishika kwa kitambaa. Kila aliyepita barazani kwangu mwezi ule nilimsimulia, na nilimwigiza vizuri sana alivyokuwa akiishika ile glasi, mpaka watu wakawa wanakuja makusudi kuniomba niigize.

Lakini Jumamosi ninayoisimulia sikwenda kwake kucheka. Kulikuwa na kikao cha familia, na ajenda ilikuwa Mama.

Mama anakaa kwa mdogo wangu wa kiume, mume wa Bi Kung'aa, tangu Baba alipofariki. Ana chumba chake, ana redio yake, na ana dirisha linalotazama barabarani, kwa hiyo anajua nani kapita na nani, na nani kageuka njiani alipomwona nani. Umbea wangu sikuuokota jalalani, nimeurithi. Sasa mtu huyohuyo zikaanza kuja habari kwamba anasahau. Mama katia chumvi kwenye chai. Mama kamwita mwanawe "baba". Mama kalaza kichwa kwenye meza ya jikoni mchana kweupe, kuamshwa haamki sawasawa, na akiamka anatapika.

"Wifi, Mama anatutoka," Bi Kung'aa alikuwa akinipigia simu na sauti iliyopakwa asali. "Hata mimi roho inaniuma. Lakini tumtafutie mahali penye watu wa kumwangalia."

Na mahali penyewe alishapata: makao ya wazee, upande wa pili wa jiji, ambako ndugu wanaruhusiwa kuja Jumapili mchana. Mdogo wangu, ambaye tangu aoe sijamsikia akimaliza sentensi mbele ya mkewe, alikuwa amekubali kwa kunyamaza. Kilichobaki ni Mjomba, kaka yake Mama, aje atoe neno la mwisho. Mdogo wangu alikwenda kumchukua kwa gari asubuhi ile, na mimi nikatangulia kwao nisaidie kupika.

Mama ndiye aliyenifungulia mlango. Kabla sijavua kiatu cha pili alinishika kifundo cha mkono, akanivuta karibu.

"Mwanangu, niambie wewe, maana mdomo wako haujui kuficha kitu. Akili zinanitoka?"

"Nani kasema?"

"Wao wanasema. Ila na mimi naona. Kuna siku nimekaa, maneno yanapita mbele yangu kama watu wa sokoni, siwezi kumkamata hata mmoja." Akanikazia macho. "Kama kweli zinatoka, nitakwenda huko wanakotaka. Sitaki kuwa mzigo. Lakini nataka nijue."

Mama huyu nimemwona akimfukuza mwizi kwa mwiko. Sijawahi kumwona akiogopa. Nikamwambia nywele zake zimechakaa, baadaye nitamsuka.

Ndani kulikuwa kunang'aa kama kawaida. Jikoni ndiyo usiseme. Sakafu unaweza kujitazama meno. Madirisha yamefungwa kabisa, maana kwa Bi Kung'aa vumbi ni adui, na dirisha la jikoni ninavyokumbuka sijawahi kuliona wazi. Na pale ukutani, mfalme wa nyumba: oveni. Kubwa, ya gesi, mlango wa kioo cheusi umepigwa dawa mpaka unateleza kwa macho, na juu yake kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki.

Bi Kung'aa aliondoa maua na kitambaa. Akafungua mlango wa oveni nusu tu, mgongo wake ukinikinga nisione ndani, akatoa vikaango, vifuniko vya plastiki na mfuko wa mkate, kwa sababu akiwa haoki oveni ndiyo kabati lake. Akasukuma ndani trei ya kuku, akafunga. Akazungusha swichi ya gesi. Nasikia gesi inapumua mle ndani, naye ndiyo kwanza anaanza kutafuta kiberiti.

"Wifi, si unafungua mlango kwanza, unawasha kiberiti, ndiyo unafungua gesi?"

"Hiyo ni kwenu," alisema, anapekua droo, "ambako oveni imefungwa na waya."

Ni kweli, mlango wa yangu unashikiliwa na waya. Alipata kiberiti, akainama, akakiingiza kwenye tundu la chini. Bufu! Mlango ulitetemeka, nami nikajikuta nimekumbatia friji.

"Ndivyo inavyoanza," alicheka. "Ina nguvu sana hii. Mama! Njoo ukae na oveni yako."

Mama akaja, akakaa kwenye kiti cha mbao kilichowekwa pembeni kabisa ya oveni, magoti yanakaribia kuigusa. Nikauliza kwa nini akae pale. Bi Kung'aa alininong'oneza kwamba daktari mmoja redioni alisema wazee wapewe kazi ndogondogo, ili wajione wana maana. Kazi ya Mama ilikuwa kuangalia oveni kila inapowashwa. Na inawashwa wikiendi, kwa sababu siku nyingine wifi yuko kazini.

Sisi tukahamia sebuleni na bakuli la mboga za kukata. Bi Kung'aa aliufunga mlango wa jikoni nyuma yetu, harufu isije ikaingia kwenye mapazia.

Tulikata, tukapiga soga. Nisiwe mnafiki, wifi yangu kwa umbea ni mzuri, ana habari za ofisini kwao ambazo nisingezipata kwingine. Alikuwa katikati ya kunisimulia bosi aliyekutwa na wigi la mtu kwenye gari lake, nikakumbuka kisu changu hakikati. Nikaenda jikoni kuchukua kingine.

Hewa ya mle ilinipokea kama tambara bichi usoni. Kulikuwa na harufu ya kuku, sawa, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya mafuta yaliyoungua, yakaungua tena, yakachoka kuungua. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mashavu yameiva mekundu-mekundu.

"Mama?"

Aliinua macho polepole. "Shangazi," akaniita. "Ng'ombe wamerudi?"

Shangazi yake alikufa mimi sijazaliwa. Nyuma yangu Bi Kung'aa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, nyusi juu.

"Unaona sasa? Mnadhani natunga?"

Nilimwinua Mama, nikamwambia twende nje nimsuke. Tulikaa kwenye ngazi za uani, yeye chini, mimi juu, kichwa chake kati ya magoti yangu. Mwanzo alikuwa mzito kama mtoto mwenye usingizi. Nilichambua nywele, nikapaka mafuta, nikawa namwongelesha tu ili nisilie. Upepo ulikuwa mzuri pale nje. Nilipofika kwenye mstari wa katikati, Mama akasema:

"Yule jirani yako wa mlango wa kijani, mumewe alirudi?"

"Alirudi."

"Na yule mwingine aliondoka? Au ndiyo wanakaa wote?"

Nikaacha kusuka. "Mama, mbona habari hizo nilikupa zamani?"

"Kwa hiyo ndiyo nisahau? Ulinipa nusu, ukakatiwa simu. Nusu nyingine nimeingoja mpaka leo."

Nilimgeuza nikamtazama usoni. Macho yalikuwa ya Mama, makali, yenye kiu ya habari. Akasema kichwa kilikuwa kinamgonga lakini sasa kinaachia. Nikamuuliza huwa kinamgonga lini. Akafikiri kidogo.

"Nikikaa na oveni."

Hapo hapo sauti ikatoka ndani: "Mama! Oveni iko peke yake!" Naye Mama, mtiifu wa watu, akajiinua, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akaingia.

Nikamfuata Bi Kung'aa sebuleni. Nilijaribu kuongea taratibu, jambo ambalo kwangu ni kazi.

"Wifi, kwa nini usikae wewe na kuku wako? Mwache Mama apumzike."

Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Mimi? Aa, wifi, siwezi. Mimi nikikaa karibu na oveni ile kichwa kinataka kupasuka. Naona na nyota. Ndiyo maana nampa Mama aiangalie."

Alisema hivyohivyo, huku akichomoa utepe wa karoti uliokuwa umeng'ang'ania kwenye bakuli, akauweka kwenye tishu, akaikunja tishu mara nne. Nadhani hata yeye hakukisikia alichosema. Mimi nilikisikia.

Niliingia jikoni, nikaushika mlango wa oveni.

"Usifungue! Wageni hawafungui oveni yangu!" Alikuwa nyuma yangu mbio mbio, ndala zinampiga visigino. "Baada ya kuku kuna keki, joto litatoka!"

Nilifungua mlango wote, mpaka chini.

Nimeshaona uchafu. Nimeishi nyumba ya vyumba vingi na choo kimoja. Nimefua nepi za watoto wasio wangu. Lakini uchafu wa watu wengi una sababu zake. Huu ulikuwa wa mtu mmoja, na umefichwa.

Ndani ya oveni kulikuwa kweusi, siyo weusi wa chuma, weusi wa kitu kilichoota. Kuta zilikuwa na ukoko mnene, unaong'aa, unatoa mapovu. Juu, kwenye dari la oveni, mafuta ya zamani yalikuwa yananing'inia kama kamasi, na mbele ya macho yangu tone moja jeusi likajivuta, likarefuka, likaachia, likatua juu ya kifua cha kuku wa Mjomba. Pembeni ya trei mende alikuwa amelala chali, amekauka, miguu imekunjwa vizuri. Wa zamani huyo. Alikuwa ameshakuwa sehemu ya ukuta.

Lakini sakafu ndiyo iliyonimaliza. Sakafu ya oveni ilikuwa imevimba. Unaijua ile karatasi ya foili, inayong'aa, ya kufungia nyama? Ilikuwa imetandikwa chini, na chini yake nyingine, na chini ya hiyo nyingine, foili juu ya foili, na kati ya kila foili na mwenzake mafuta, makombo, mifupa, sukari iliyoungua, vyote vimeshikana kuwa godoro. Kingo zake zilikuwa zinachuruzika. Katikati limepanda, limeshuka, kama linapumua. Na kule pembeni kabisa, kwenye ufa mmoja uliobaki, moto ulikuwa unatoa ulimi nje ukitafuta pa kupitia. Moto wenyewe wa njano, mrefu, unatoa masizi.

Oveni yangu kuukuu, pamoja na waya wake, moto wake ni wa bluu. Fundi aliyeniwekea aliniambia siku moto ukigeuka njano nizime kwanza, maswali baadaye.

Nilizima. Nikafunga na mtungi wa gesi. Nikaenda kwenye dirisha. Komeo lilikuwa limeganda kwa kutotumika, nikaligonga na chini ya sufuria mpaka likaachia.

"Vumbi!" alipiga kelele Bi Kung'aa. Nakuapia. Neno lililomtoka lilikuwa vumbi.

"Mama, simama, tutoke."

Mama hakusimama. Alinitazama, akatabasamu kidogo kama mtu aliye mbali, akajiinamia, akatapika kwenye ile sakafu ya kujitazamia meno. Nilimkamata makwapani. Nikamwambia wifi ashike miguu, naye akasimama anatazama sakafu.

"Shika miguu, mwanamke, au nitakutandika na wewe foili!"

Akashika. Tulipomfikisha uani gari la mdogo wangu ndiyo lilikuwa linaingia, Mjomba mbele, suti ya kikao, kofia, tabasamu la mtu anayesikia harufu ya kuku kuanzia getini. Tabasamu lilianguka hata kabla gari halijasimama.

* * *

Kikao cha familia kikafanyikia zahanati.

Mama alilazwa kwenye kitanda karibu na dirisha, kifuniko cha hewa puani na mdomoni, mtungi wa chuma upande wa kichwani. Sisi tulikuwa kwenye benchi mbele yake, mimi, Mjomba, mdogo wangu, na mwisho kabisa wa benchi Bi Kung'aa, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa mahali bila kupangusa.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya kukata tamaa na watu, alituuliza maswali machache: jikoni kuna dirisha? Lilikuwa wazi? Moto rangi gani? Mgonjwa anaumwa siku zote au siku fulani? Nilijibu mimi. Akatikisa kichwa.

"Moto usiopata hewa unatoa sumu," alisema. "Haina harufu, huioni. Inakupa kichwa, kichefuchefu, usingizi, unaongea ovyo. Ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi inakuanza tena. Huyu mama angelala pale mpaka keki yenu iive..." Hakumaliza. Akaandika kitu. "Oveni hiyo isiwashwe mpaka fundi aione."

"Na akili zake?" mdogo wangu aliuliza. Ilikuwa sentensi nzima, nikamgeukia.

"Akili zake zina nini? Ameniambia nesi wangu ana mimba, na mimi nilikuwa sijaambiwa."

Nesi alitoka na beseni haraka. Mjomba akacheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akavua kofia.

Bi Kung'aa alianza kulia. Machozi yake yalikuwa mengi na ya kweli. "Sikujua," akasema. "Jamani, sikujua. Wallahi sikujua."

Nilimwamini, na namwamini mpaka leo. Hilo ndilo linalonipa kinyaa. Mtu mbaya ningemchukia, yakaisha. Huyu hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na kichwa kinachouma, na mzee wa kumpa kiti.

"Ulijua kinakuuma wewe," nilimwambia.

"Nilidhani ni kichwa changu tu!"

"Ukakihamishia kwa Mama."

"Basi, mwanangu," Mjomba alinigusa goti. "Basi. Tuko mbele ya mgonjwa." Akakohoa kama mwenyekiti wa kikao. "Nadhani tulikuja kwa jambo moja, na jambo lenyewe limejijibu. Dada yangu haendi popote. Nilikuwa nimefunga tangu asubuhi kwa ajili ya kuku, Mungu ameniepusha nisimle. Kikao kimefungwa."

Kitandani mkono ulipanda. Mama alikivuta kile kifuniko cha hewa pembeni ya mdomo.

"Hakijafungwa," alisema. "Kikao kiliitwa kwa ajili ya mtu mwenye akili mbovu. Bado hatujamjadili."

Nesi akarudi kumfunika. Mama akamkwepa.

"Nilijiona nimekwisha," alisema, sasa anamtazama mkwewe tu. "Nilikuwa nikilala naomba nisiamke nimemsahau mwanangu. Nimeshafungasha nguo, ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, ninyi hamjui. Sasa nisikilizeni. Sitaki kuombwa radhi. Chumba changu nakitaka, na redio yangu, na dirisha langu. Na dirisha la jikoni lisifungwe tena. Na kile kiti, anayeoka ndiye anayekikalia. Akiona kinamshinda, asioke."

Akarudisha kifuniko mwenyewe, akafumba macho. Bi Kung'aa alifuta pua. "Ndiyo, Mama," akasema. Mdogo wangu naye akasema ndiyo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

* * *

Fundi wa gesi alikuja Jumatatu. Nilihakikisha nipo, jambo kama hilo siwezi kusimuliwa.

Alipiga magoti, akafungua mlango, akaufunga. Akatoka nje akavuta hewa. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa puani.

"Dada zangu," alisema, "mimi nimetoa panya kwenye oveni. Nimetoa nyoka mara moja. Lakini hiki..."

Alianza kubandua. Sehemu ya juu ilitoka kwa sauti kama ya plasta kwenye kidonda kibichi. Iliyofuata ikahitaji bisibisi. Bi Kung'aa alisimama kando na ndoo, glavu mpaka kiwikoni, uso umegeuzwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namsomea. "Hii ya samaki. Hii nyeupe ni ile keki ya mwanao alipotimiza mwaka, mabaki uliyaweka humu, unaiona sukari yake ya bluu? Na sasa yuko shule ya bweni." Kulikuwa na kijiti cha mshumaa ndani yake. Kulikuwa na unywele mrefu. Kulikuwa na mabuu yaliyookwa yakawa kama mchele, na hapo hata mimi niliacha kusoma nikakimbilia uani, nikatema mate mpaka yakaniisha.

"Lakini mimi niliweka foili ili isichafuke!" nilimsikia Bi Kung'aa akimwambia fundi, karibu kulia. "Kila ikichafuka nilitandika mpya! Ukifungua unaona safi!"

"Dada, ona." Fundi alikuwa amefika kwenye chuma, akasugua kidogo, akaelekeza tochi. "Haya matundu ya chini ndiyo pua za moto. Wewe umezifunika. Moto unakabwa, unakohoa, na kikohozi chake ndicho mnachovuta. Hapa chini hapatandikwi kitu chochote. Pakichafuka, pakishapoa, unasugua. Basi. Na hivi vikaango ulivyokuwa unaweka humu, tafuta kabati."

Akamwonyesha kuwasha: mlango wazi, kiberiti kwanza, gesi baadaye, unahesabu kidogo unatazama rangi, ndipo unafunga. Akamfanya arudie. Alirudia, nywele za mbele zimelowa jasho, na moto ukashika bila bufu, mfupi, wa bluu, umekaa mstari mmoja kama meno ya chanuo. Alivyoutazama, mtu angedhani kaonyeshwa kitu cha aibu.

Lile godoro lilizikwa nyuma ya nyumba, kwa sababu wazoa taka walikataa kulipakia.

* * *

Wiki iliyopita nimekwenda tena. Nilivua viatu, nikavaa ndala kama kawaida. Lakini siku hizi siendi kwanza sebuleni. Naanzia jikoni, naufungua mlango wa oveni kabla sijasalimia mtu, na hakuna anayenikataza.

Ilikuwa inawaka. Ndani, chuma kitupu. Moto wa bluu. Dirisha wazi mpaka mwisho, pazia linaruka, na juu ya ile kaunta iliyokuwa kioo kulikuwa na vumbi, vumbi jekundu la barabarani, unaweza kuandika jina. Bi Kung'aa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kila upepo ukiingia alikuwa anafumba macho.

"Kichwa kinauma, wifi?"

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Leo hakiumi."

Kuku alipoiva alimtoa kwa glavu kavu, taratibu, akanikatia paja. Lilikuwa zuri, la rangi ya dhahabu, ngozi imekauka vizuri. Nililiweka mbele yangu. Akilini nikaliona tena lile tone jeusi linavyojivuta, linavyorefuka. Nikaisukuma sahani.

"Asante wifi, nimekuja nimeshiba."

Kutoka chumbani, ambako redio ilikuwa inaongea na dirisha la barabarani liko wazi, Mama akapaza sauti:

"Mwongo huyo! Tangu lini nyumbani kwake mtu akashiba? Na zaidi ya hapo kaja kwa miguu, kasimama kwa muuza matunda, kaongea na yule kijana wa pikipiki mpaka ndizi zikaiva. Nimemwona! Mpe huyo kuku ale, halafu aje hapa anieleze yule kijana ni nani."

Nikaivuta sahani. Nikala upande usioelekea juu.